Melton Prior (1845-1910) na Magazeti ya Habari kwa Picha: Maisha ya Shahidi wa Vita vya Kikoloni

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayechunguza vita vya Waasante vya mwaka 1873-1874, au vya Wazulu vya mwaka 1879, hukutana na picha kabla hajakutana na nyaraka. Picha hizo zilichapishwa kwanza katika magazeti ya kila wiki ya London. Baadaye kurasa zake zilikatwa na wauzaji wa vitu vya kale, zikatiwa rangi ambazo hazikuwamo tangu asili, zikauzwa zikiwa katika fremu, na hatimaye zikapata nafasi katika vitabu vya historia, vikiwamo vinavyosomwa na watoto wa Afrika yenyewe. Aghalabu huwekwa hapo bila maelezo yoyote, kana kwamba ni dirisha ambalo msomaji akilifungua huyaona mambo kama yalivyokuwa.

Sehemu kubwa ya picha za aina hiyo chanzo chake ni penseli ya mtu mmoja, Mwingereza Melton Prior, ambaye kwa takriban miaka thelathini alikuwa mchoraji maalumu wa gazeti la The Illustrated London News. Ni wachache katika kizazi chake waliohudhuria vita vingi vya kikoloni kuliko yeye. Alikuwa Kumasi, Ulundi, pwani ya Bahari ya Shamu nchini Sudan, Burma, mpaka wa kaskazini-magharibi wa India, na ndani ya mji wa Ladysmith uliozingirwa na Makaburu. Kwa hiyo haiwezekani kumtupilia mbali kwa hoja nyepesi kwamba alichora mambo asiyoyaona. Mengi aliyaona. Suala zito zaidi ni hili: aliyaona akiwa amesimama wapi, na alichokiona kilipitia mikono ya nani kabla hakijawa ukurasa? Maisha yake yanatoa jibu la suala hilo kwa uwazi ambao si rahisi kuupata katika picha yoyote moja ikitazamwa peke yake.

2.0 Gazeti na Mchoraji Wake

Gazeti lilizaliwa kabla ya mchoraji. Tarehe 14 Mei 1842, Herbert Ingram, mchapishaji na muuza magazeti aliyetoka katika mji wa Boston, jimbo la Lincolnshire, alitoa toleo la kwanza la The Illustrated London News. Lilikuwa na kurasa 16 na picha 32, na bei yake ilikuwa peni sita. Katika kuuza magazeti, Ingram alikuwa amebaini jambo moja: toleo lenye picha, hata ikiwa moja tu, liliuzika kuliko lisilo na picha. Alichokifanya ni kuigeuza ajali hiyo ya biashara kuwa kanuni ya kazi. Mfano wake uliigwa upesi. Mwaka 1843 Wafaransa walianzisha L'Illustration mjini Paris, na Wajerumani wakaanzisha Illustrirte Zeitung mjini Leipzig. Mwaka 1869 William Luson Thomas, aliyekuwa mchongaji wa picha, alianzisha The Graphic mjini London, na gazeti hilo likawa mshindani mkubwa wa lile la Ingram. Ingram mwenyewe hakuuona ushindani huo. Alikufa maji mwezi Septemba 1860, meli ya Lady Elgin ilipozama katika Ziwa Michigan nchini Marekani, na baadaye shughuli za gazeti zikashikwa na wanawe.

Melton Prior alizaliwa London tarehe 12 Septemba 1845, miaka mitatu baada ya toleo hilo la kwanza. Baba yake, William Henry Prior, alikuwa mchoraji wa mandhari na wa picha za vitabu. Kijana alisoma London na kisha Boulogne nchini Ufaransa, lakini shule yake halisi ya uchoraji ilikuwa meza ya baba yake, ambako alijifunza kwa kusaidia kazi. Malezi hayo yana umuhimu wake. Prior hakutokea katika vyuo ambamo picha ilitukuzwa kuwa sanaa ya kudumu. Alitokea katika karakana ambamo picha ilikuwa bidhaa yenye siku ya kukabidhiwa. Mwaka 1868 alianza kuliuzia michoro The Illustrated London News, na kwa miaka mitano alichora mambo ya kawaida ya Uingereza. Mwaka 1873 William Ingram, mwana wa mwanzilishi, alimpa safari iliyobadili maisha yake. Alitakiwa kwenda Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, pamoja na jeshi la Sir Garnet Wolseley.

3.0 Kumasi, 1874

Vita hivyo vilitokana na mgongano wa muda mrefu baina ya dola ya Asante na Waingereza kuhusu udhibiti wa pwani na biashara yake, hususan baada ya Waholanzi kuwaachia Waingereza ngome ya Elmina mwaka 1872. Wolseley alitua Cape Coast mwaka 1873 na kuanza matayarisho ya kupenya msituni hadi Kumasi, makao ya Asantehene Kofi Karikari. Waandishi wa magazeti walioandamana naye walikuwa watu mashuhuri. Miongoni mwao alikuwamo G. A. Henty, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa hadithi zake za vijana, Winwood Reade, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa amekutana na David Livingstone huko Ujiji mwaka 1871.

Kukutana kwa Prior na Stanley katika msafara mmoja kunaangaza jambo muhimu. Picha ya mkutano wa Ujiji, ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wameizoea tangu shuleni, ilitolewa katika magazeti ya London mwaka 1872. Hapakuwapo mchoraji Ujiji siku ile. Picha ilitungwa Ulaya kwa kutegemea maelezo ya Stanley. Msomaji aliyeishika picha ya Ujiji ya mwaka 1872 na picha ya Kumasi ya mwaka 1874 aliziona katika karatasi ya aina moja, kwa wino wa aina moja na kwa mtindo mmoja wa uchongaji. Hakuwa na njia ya kutambua kwa macho kwamba moja ilitoka katika masimulizi na nyingine ilitoka kwa mtu aliyekuwapo. Ndiyo sababu gazeti lilipenda kutaja kwamba picha fulani imetokana na mchoro wa mjumbe wake maalumu. Maneno hayo mafupi chini ya picha yalifanya kazi ambayo picha yenyewe haikuweza kuifanya. Yaliigeuza kutoka kielelezo kuwa ushahidi.

Jeshi liliuvuka mto Pra mwezi Januari 1874, likapigana vita vikali Amoafo tarehe 31 Januari, na kuingia Kumasi jioni ya tarehe 4 Februari. Asantehene alikuwa amekwisha kuondoka. Tarehe 6 Februari kasri lake lililipuliwa kwa baruti na mji ukachomwa moto. Kabla ya hapo vitu vya thamani vya kasri, vikiwamo mapambo ya dhahabu, vilikusanywa, na baadaye vingi vikauzwa kwa mnada. Kwa mkataba wa Fomena, Waasante walitozwa wakia 50,000 za dhahabu. Prior alikuwamo ndani ya Kumasi kwa muda huo mfupi, na michoro yake iliwapa wasomaji wa Uingereza sura ya mji ambao hawakuwa wameujua kabla ya hapo. Hivyo, kwa wengi wao, Kumasi ilijulikana kwa mara ya kwanza katika saa zake za kuangamizwa. Waliuona mji kama kituo cha mwisho cha safari ya jeshi. Hawakuuona kama makao ya utawala, ya mahakama, ya mafundi wa dhahabu na ya wafumaji wa kente.

Kuna jambo jingine. Jeshi la Wolseley lisingefika popote bila wapagazi. Maelfu ya watu wa pwani, wanaume kwa wanawake, walibeba vyakula, risasi na mizigo ya maofisa, na pindi walipotoroka kwa sababu ya taabu za kazi, safari nzima ilitetereka. Wapagazi hao wamo katika picha. Wamo daima kama safu ya miili chini ya mizigo, ilhali ofisa aliyesimama kando yao hutajwa kwa jina na cheo.

4.0 Njia ya Mchoro Kutoka Vitani Hadi Mezani

Ili maana ya kazi ya Prior ieleweke, yafaa ifuatwe njia ambayo mchoro mmoja uliipita. Vitani Prior alichora kwa penseli, upesi, katika karatasi ndogo. Pembeni aliandika maelezo ya kumsaidia mtu wa London: rangi ya sare, jina la kilima, mahali alipoangukia fulani. Mara nyingi umbo la mtu lilikuwa mistari michache tu. Karatasi ilitiwa katika bahasha, ikakabidhiwa tarishi wa jeshi hadi bandarini, kisha ikasafiri kwa meli kwa majuma kadhaa.

Mjini London mchoro ulikabidhiwa mchoraji mwingine ambaye hakuwa amefika vitani. Huyo ndiye aliyewapa watu nyuso, misuli na ishara za hofu au ushujaa. Richard Caton Woodville, mmoja wa mafundi mashuhuri wa kazi hiyo, alijenga sifa yake kwa kuchora vita vilivyoonwa na wengine. Kisha picha ilihamishiwa kwenye ubao wa mti wa boksi, ambao ni mgumu na unaweza kuchongwa mistari myembamba sana. Kwa kuwa shina la mti huo ni jembamba, ubao wa picha kubwa uliundwa kwa vipande vingi vilivyoungwa kwa skrubu upande wa nyuma. Kazi ilipokuwa ya haraka, vipande vilitenganishwa na kila mchongaji akapewa chake. Huyu alichonga mbingu, yule miguu ya farasi, mwingine umati wa adui. Vipande viliunganishwa tena, na fundi mkuu akasawazisha mistari ya kiungo. Mpaka leo katika baadhi ya kurasa hizo huonekana mistari meupe iliyonyooka inayoikata picha. Hiyo ni alama ya maungio ya ubao.

Kutokana na utaratibu huo, ni makosa kuiita picha ya gazeti kazi ya Prior pasipo kuongeza maelezo. Inafanana zaidi na matini iliyofasiriwa mara tatu. Tukio lilifasiriwa kuwa mistari ya penseli, mistari ikafasiriwa kuwa picha kamili, na picha ikafasiriwa tena kwa chuma juu ya mti. Katika kila hatua mfasiri alijaza mapengo kwa vitu alivyovijua. Mchoraji wa London alimjua vizuri askari wa Kiingereza, kwani angeweza kumwita mmoja akasimama mbele yake katika karakana. Mwaasante au Mzulu alimjua kwa picha zilizotangulia. Ndiyo maana adui wa vita kimoja alifanana na adui wa vita kingine, hata kama baina yao kulikuwa na maelfu ya maili.

5.0 Zululand, 1879

Baada ya Kumasi, Prior alichora vita vya Balkani na kisha Vita vya Tisa vya Mpakani dhidi ya Waxhosa huko Afrika Kusini mwaka 1877-1878. Alikuwa amekwisha kurudi Uingereza ilipotokea habari ya Isandlwana. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Mfalme Cetshwayo lililivamia kambi ya Waingereza na kuua zaidi ya watu 1,300. Wakati huo hapakuwa na simu ya waya iliyoiunganisha Afrika Kusini moja kwa moja na Ulaya, na London haikupata habari mpaka tarehe 11 Februari. Waya wa chini ya bahari kutoka Aden kupitia Unguja hadi Durban ulikamilishwa baadaye mwaka huohuo, na vita hivi vilikuwa miongoni mwa sababu za kuharakishwa kwake. Prior alipanda meli tena kuelekea Natal.

Katika kumbukumbu zake, zilizotolewa baada ya kifo chake, Prior alisimulia kisa kinachoonyesha gharama ya kazi hii. Kabla ya safari ya kuwaokoa askari waliozingirwa Eshowe, aliota ndoto kwamba amepigwa risasi, kisha akapata barua ya mama yake iliyoeleza ndoto ya namna hiyohiyo. Akaamua kubaki, akamlipa mtu mwingine aende kuchora badala yake. Mtu huyo aliuawa. Msomaji anaweza kuitazama ndoto hiyo apendavyo. Lisilo na shaka ni kwamba ukurasa wa wiki ulidai mtu wa kuujaza, na kwamba kazi hii iliua watu.

Tarehe 21 Mei 1879, karibu miezi minne baada ya vita, Prior alikuwa pamoja na kikosi kilichokwenda Isandlwana ambako mifupa ya askari ilikuwa bado imetapakaa miongoni mwa magari yaliyovunjika. Alichora alichokiona. Huu ni mfano wa ushahidi wake ulio bora kabisa, kwani uwanja ulikuwa mbele yake na muda alikuwa nao. Hata hivyo, picha hiyo ilikuwa ya maiti wa upande mmoja. Wazulu nao walipoteza watu wao wasiopungua elfu moja siku ile, lakini kilio cha nyumba zao hakikuwa mahali ambapo mchoraji wa London angeweza kukiona. Tarehe 2 Juni alikuwapo pia mwili wa mwana wa mfalme wa Ufaransa aliyepinduliwa, Louis Napoleon, ulipopatikana. Kijana huyo alikuwa ameuawa siku moja kabla. Kwa magazeti ya Ulaya, kifo hicho kimoja kilipata kurasa nyingi kuliko vifo vya Wazulu wa vita vizima.

Vita vya mwisho vilipiganwa Ulundi tarehe 4 Julai. Jeshi la Lord Chelmsford lilijipanga kwa umbo la mraba, bunduki zikielekea pande zote nne, pamoja na mizinga na bunduki za Gatling. Katikati walikuwamo majeruhi, wanyama wa mizigo, na waandishi wa habari. Prior alikuwa humo. Wazulu walishambulia kutoka pande zote na wakaanguka kwa mamia kabla ya kuufikia mstari. Katika ghasia hizo Prior alipoteza daftari lake la michoro, pigo kubwa kwa mtu wa kazi yake, ikambidi achore upya. Baadaye aliingia katika mji uliokuwa ukiungua ili auchore, nusura akamatwe na Wazulu waliokuwa bado humo.

Miaka mitatu baadaye, mwezi Agosti 1882, Cetshwayo alifika London kumwomba Malkia Victoria amrudishie nchi yake. Watu walijazana barabarani kumwona. Magazeti yaleyale yaliyokuwa yamelionyesha jeshi lake kama wimbi la kutisha sasa yalimwonyesha akiwa amevaa suti ya Kizungu, mtu wa makamo mwenye heshima zake. Hapakuwa na mchoraji aliyelazimika kukisia sura yake, kwa sababu alikuwapo, alitazamika, na alikuwa na jina. Tofauti ya picha hizo mbili haikutokana na kubadilika kwa Wazulu. Ilitokana na mahali aliposimama mtazamaji.

6.0 Ndani ya Mraba: Sudan

Mwaka 1884 Prior alipelekwa mashariki mwa Sudan, ambako Wahadendoa chini ya Osman Digna, aliyemfuata Mahdi Muhammad Ahmad, walikuwa wakipambana na majeshi ya Misri na Uingereza. Alikuwapo El Teb tarehe 29 Februari na Tamai tarehe 13 Machi. Huko Tamai mraba wa Waingereza ulivunjwa kwa muda, jambo ambalo wakuu wa jeshi hawakulitarajia, na wapiganaji wenye mikuki na panga waliingia ndani yake. Baada ya hapo Prior alifuatana na msafara wa mto Nile uliokusudiwa kumwokoa Jenerali Gordon, ambao ulichelewa. Khartoum ilitekwa tarehe 26 Januari 1885. Katika msafara huo baadhi ya waandishi wenzake waliuawa.

Umbo la mraba linafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo lililoamua mtazamo wa picha nyingi za kipindi hiki. Aliye ndani ya mraba huiona migongo ya wenzake kwa karibu sana, hata anaitambua mmoja mmoja. Adui humwona mbali, mbele ya moshi, akimjia. Prior hakuhitaji kuwa na chuki ili achore hivyo, wala maisha yake hayaonyeshi kwamba alikuwa mtu wa chuki. Waliomfahamu walimjua kama mtu mcheshi mwenye kipara na sauti nyembamba ya juu, mkarimu kwa wenzake, aliyependa kusafiri na akiba nzuri ya vyakula na vinywaji. Penseli yake ilifuata mahali alipoweza kusimama bila kuuawa. Sarufi ya picha ilipangwa na jeshi kabla yeye hajafungua daftari. Mtenda wa kitendo alikuwa aliye karibu, mwenye uso. Aliye mbali alikuwa wingi usio na nafsi.

7.0 Ladysmith, 1899-1900

Vita vya Makaburu vilimkuta Prior akiwa na zaidi ya miaka hamsini, na vilikuta kazi yake ikiwa inabadilika. Tangu miaka ya 1880 ilikuwa imewezekana kuchapa picha za kamera kwa njia ya nukta, pasipo mkono wa mchongaji. Kamera ndogo za mkononi zilikuwa mikononi mwa maofisa na waandishi wengi. Mchoraji alibaki na faida moja, nayo ni kuonyesha mwendo wa mapigano, jambo ambalo kamera za wakati huo hazikulimudu vizuri.

Prior alijikuta amefungiwa katika mji wa Ladysmith, uliozingirwa kuanzia tarehe 2 Novemba 1899 hadi tarehe 28 Februari 1900, yaani siku 118. Chakula kilipungua na homa ya matumbo ikaua watu wengi kuliko mizinga. Mwandishi mashuhuri G. W. Steevens wa Daily Mail alifariki kwa homa hiyo mwezi Januari. Waya wa simu ulikuwa umekatwa, na waandishi walitegemea matarishi Waafrika waliopenya usiku katika mistari ya Makaburu, wakiwa wameficha barua mwilini. Walilipwa fedha nyingi kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa. Wengine walikamatwa, na walichokibeba kikapotea.

Hapa ndipo maisha ya Prior yanapofichua zaidi yasiyosemwa na kurasa zake. Tangu wapagazi wa Pra hadi matarishi wa Ladysmith, ushahidi wa mchoraji ulisafiri juu ya miguu na vichwa vya Waafrika. Bila wao picha isingekuwapo. Gazeti lilimshukuru mchoraji wake na kulitaja jina lake. Waliobeba mchoro huo gizani walibaki katika hesabu za gharama.

8.0 Miaka ya Mwisho

Prior aliendelea kusafiri. Mwaka 1903 alikuwa Somalia, wakati Waingereza walipokuwa wakipigana na wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdille Hassan. Mwaka 1904 alikwenda Japani kwa ajili ya vita vya nchi hiyo na Urusi. Wajapani waliwaweka waandishi wa kigeni Tokyo kwa miezi, na hata walipowaruhusu kwenda Manchuria waliwazuia kufika karibu na mapigano. Prior, aliyezoea kupanda farasi hadi mstari wa mbele, alirudi akiwa amekata tamaa. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekutana na jeshi lisiloona faida ya kuonwa na yeye. Tukio hilo linathibitisha kwa njia ya kinyume kwamba uhuru wake wa miaka thelathini ulikuwa uhuru aliopewa na upande aliouchora.

Alifariki London tarehe 2 Novemba 1910. Kumbukumbu zake zilitolewa mwaka 1912, na kibao cha kumkumbuka kiliwekwa katika Kanisa Kuu la St Paul's. Gazeti lake liliendelea kutoka kila wiki hadi mwaka 1971, kisha kwa vipindi virefu zaidi, mpaka lilipokoma mwaka 2003. Kurasa zake za kale zinaendelea kuuzwa moja moja, na pia zimehifadhiwa katika hazina za kompyuta ambamo mtafiti anaweza kuzisoma pamoja na habari zilizozizunguka.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Melton Prior hayaturuhusu kuzikubali picha hizo kwa urahisi, wala kuzikataa kwa urahisi. Yeye alikuwa shahidi wa kweli aliyejitia hatarini mara nyingi. Hata hivyo ushahidi wake ulifungwa na mahali aliposimama, ukakamilishwa na watu ambao hawakuwapo, na ukauzwa kwa wasomaji waliotaka kujua kama vijana wao wameshinda. Kwa hiyo ukurasa uliokatwa na kuwekwa katika fremu umepungukiwa na zaidi ya nusu ya maana yake. Umenyang'anywa tarehe, maelezo ya chini, na habari ya ukurasa wa pili. Mwalimu au mwandishi wa kitabu anayeutumia hana budi kuurudishia mambo hayo, aeleze ni nani aliyechora, nani aliyekamilisha, ni baada ya muda gani, na ni nani waliomo pichani bila majina.

Aidha, picha hizo zinahitaji kusomwa pamoja na matini za wale waliokuwa nje ya mraba, ambazo zipo. Masimulizi ya Wazulu yalikusanywa kwa lugha yao na James Stuart kuanzia miaka ya 1890, na miongoni mwa wasimulizi wake walikuwamo waliokumbuka vita vya mwaka 1879. Asantehene Agyeman Prempeh I, akiwa uhamishoni Shelisheli, aliandikisha historia ya wafalme wa Asante kuanzia mwaka 1907. Katika pwani ya Afrika Mashariki, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliutunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wakati magazeti ya Ulaya yalipokuwa yakichora vita hivyo kwa macho ya washindi. Katika matini hizo waliokuwa umati wana majina, nasaba na hoja.

Mwaka 2024 makumbusho mawili ya London, British Museum na Victoria and Albert Museum, yalivipeleka Kumasi vitu 32 vya Asante kwa mkopo, vikiwamo vilivyochukuliwa katika vita vya mwaka 1874, vikaonyeshwa katika Makumbusho ya Kasri la Manhyia. Waliovitazama waliweza kueleza kila kimoja kilitumiwa kwa shughuli gani na kilikuwa cha nani. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayokosekana chini ya picha za Kumasi za mwaka ule, na ni kazi ya watafiti wa lugha na historia kuyaandika.